Muhuri wa Bwana Harshad

Kasiva, karani wa kiwanda cha chumvi pale Marereni, angezaliwa bila ulimi angeuliza maswali kwa vidole. Usimwite mmbeya. Mmbeya hutaka kusema, na Kasiva alitaka kujua tu. Alijua kwa nini dereva wa lori hanywi chai ya sukari, na alijua ni nani aliyeshona pazia la meneja na kwa nini lilikuwa fupi upande mmoja. Kwa hiyo Jumatatu ile ya Februari, mwaka 1983, Bwana Harshad alipoweka barua ya kuacha kazi juu ya meza yake, Kasiva hakushughulika na ugomvi. Ugomvi alikwisha kuusikia wote kupitia ukuta wa mbao.

"Na muhuri wako je?" akauliza.

"Muhuri gani, Bi Kasiva?"

"Wa kibali cha kazi, ule ulio kwenye pasipoti. Umeandikwa hadi Desemba. Wewe unaacha kazi leo. Sasa wenyewe unakuwaje?"

Bwana Harshad alikuwa fundi wa chumvi, aliyetoka Gujarati miaka kumi na mmoja nyuma. Asubuhi ile Bwana Ndirangu, meneja, alikuwa amemwambia mbele ya vibarua kwamba majirani huvuna chumvi upesi kuliko yeye. Harshad alivimba mpaka akapasuka. Lakini swali lile lilimpoza.

"Desemba ni Desemba," alisema, ila hakuonekana kuyaamini maneno yake mwenyewe.

Kasiva akaanza kuuliza watu. Dereva alisema polisi huja kuuchukua. Kiponda wa stoo alisema wino hufifia wenyewe, kwamba serikali inao wino wa namna hiyo. Mpishi akasema mtu huachiwa mpaka uishe, kama leseni ya baiskeli. Kasiva hakuridhika. Alilivuta faili, akapangusa vumbi, akasoma masharti ya kibali mara tatu. Kiliitaja kazi na kikamtaja mwajiri. Mtu akiiacha kazi hiyo, kibali kinakoma siku hiyo hiyo, na mwajiri sharti aiarifu ofisi ya uhamiaji. Kumbe Desemba haikuwa Desemba. Muhuri ulikuwa wa kiti, si wa mtu aliyekikalia.

Mchana ule ule akapiga chapa barua ya kuarifu. Meneja, mwenye hasira bado, akaitia sahihi bila kuisoma, na lori la saa tisa likaipeleka posta ya Malindi. Haraka hiyo haikuwa ya bidii ya kazi, nami sitamsitiri kwa hilo. Alitaka kuona jibu litasemaje.

Alhamisi meneja na fundi wakapatana. Meneja alikuwa amevuna bwawa la pili kwa akili yake na kupata hasara. Maji ya bahari huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa, jua likiyanywa kidogo kidogo, mpaka chumvi, ambayo Harshad huiita munyu, itue chini. Lakini iko siku yake. Ukiivuna mapema unapata ganda tu, na ukiipitisha, uchungu wa maji nao hutua, na chumvi hiyo hata ng'ombe haitaki. Siku hiyo Harshad aliijua kwa kipimo chake cha kioo, kijiti chembamba kinachoelea majini, nacho kilikaa katika kisanduku cha mbao.

"Rudi kazini, mzee, yaishe," meneja akasema.

"Yaishe," akajibu Harshad. Wakapeana mikono mbele ya meza ya Kasiva, naye akaweka kalamu chini.

"Barua imekwenda," akasema.

Hapo ndipo swali lake lilipopata jibu, na hakulipenda. Kurudi kwenye kiti kile kile kulitaka kibali kipya, kana kwamba Harshad alishuka melini jana. Meneja akakiomba siku hiyo hiyo, na mpaka kitoke, Harshad hakuruhusiwa kufanya kazi. Akawa anakaa barazani kwake, akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Kasiva alikwenda kumwomba radhi.

"Hukukosea, umefuata sheria," Harshad akamwambia. "Mimi naogopa jambo moja tu. Nikienda kule kwetu Kachchh, watu huniuliza mimi ni mwana wa nani. Hapa hakuna anayeniuliza."

Kasiva alirudi ofisini akilia, na kila aliyemuuliza, yeye akamwambia kuwa ni vumbi la njiani.

Wiki ya pili jibu la uhamiaji likaja. Afisa angefika tarehe nne Machi kumwona Kenga Randu, Mkenya aliyekuwa akifundishwa kazi ya fundi. Ikiwa Mkenya huyo hajaiva, mgeni atapewa miaka miwili amalize kumfundisha. Ikiwa ameiva, kazi ni yake na mgeni atakwenda kwao.

Kasiva alishika tama. Jina lile aliliandika yeye. Kila mwaka fomu iliuliza ni Mkenya gani anayefundishwa, na mwaka wa kwanza meneja alimwambia aweke jina la yeyote. Kiponda ndiye aliyemjia akilini kwanza, lakini herufi ya p kwenye mashine ya chapa ya Kasiva ilikuwa imekatika, ikijazwa kwa kalamu, naye hakutaka kulitia kiraka jina la mtu. Akamwandika Kenga, kibarua aliyemfuata Harshad kutwa akibeba kisanduku cha kipimo. Baada ya hapo akawa ananakili tu, miaka minne.

Alimkuta Kenga kwenye tuta kati ya mabwawa, mtu mzima wa miaka arobaini, suruali imekunjwa.

"Kenga, wewe wajua kazi ya Bwana Harshad?"

"Mimi ni wa kubeba kisanduku, dada."

"Kwa karatasi unafundishwa ufundi. Huu ni mwaka wa nne."

Kenga akaitazama miguu yake, iliyokuwa nyeupe mpaka magotini. "Mngeniambia, nikanunua viatu."

Kasiva akamsomea barua yote. Kenga akasikiliza, akatia kidole bwawani, akakisugua kwa kidole gumba.

"Kwa hivyo nikijua, fundi aenda zake."

"Ndiyo."

"Na nisipojua?"

"Anabaki."

"Basi mimi sijui kitu," akasema Kenga, akainuka.

Kasiva hakulala vizuri siku zile. Alitaka kujua kama Kenga alisema kweli, na kwa mara ya kwanza aliogopa kuuliza. Tangu fundi alipokatazwa kazi, meneja hakuthubutu tena kugusa mabwawa, akawaachia vibarua. Chumvi ilitoka safi. Meneja alisema ni jua.

Tarehe nne akaja Bwana Kamande wa uhamiaji, mtu mpole, akavua viatu vyake mwenyewe na kutembea tutani nyuma ya meneja. Harshad aliitwa aje na kipimo chake. Kasiva alifuata na daftari. Wakasimama penye bwawa la nne, maji yake mekundu kidogo, jua la saa nne likiwachoma visogo.

"Hili litavunwa lini?" Kamande akamwuliza Kenga.

Kenga akatia kidole, akakisugua, akaramba. Kisha akatazama mbinguni kama asiyejua kushoto wala kulia. "Labda wiki ijayo. Au ile nyingine. Mimi hubeba kisanduku tu, mheshimiwa."

Kamande akaandika. Wakati huo jicho la Kasiva lilikuwa limekwisha kutembea, maana halikuzoea kutulia. Ng'ambo ya bwawa la nne, reki kumi na moja zilipangwa ukingoni, toroli zimegeuzwa tayari, na vibarua wamechuchumaa wakingoja. Kwenye mabwawa mengine hapakuwa na hata reki moja. Akaelewa. Akafunga kinywa, jambo ambalo waliomfahamu wasingelisadiki.

Harshad akainama, akaachia kioo kielee. Akakisoma. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Miaka miwili ilikuwa pale, karibu kama maji yale. Akakitoa kioo, akakipangusa kwa kanzu, polepole mno.

"Lavunwa leo," akasema. "Kabla ya alasiri."

"Basi huyu amekosea," akasema Kamande.

"Hajakosea. Anakudanganya. Tazama reki zile. Amezipanga asubuhi, kioo changu kikiwa nyumbani. Mimi sijakanyaga hapa tangu nikatazwe kazi." Akamgeukia Kenga. "Kenga, munyu huu wa wiki ijayo? Ndivyo nilivyokufundisha?"

Kenga alikuwa ameinamisha kichwa. "Sivyo, fundi."

"Lini?"

"Leo." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye chumvi, yakazidi.

Kamande akafunga kitabu chake. "Mzee, unajua ulichokisema?"

"Najua."

"Una siku thelathini."

Wakirudi, Kasiva alishindwa kujizuia. "Mbona hukunyamaza?"

"Ungeharibika."

"Nini?"

"Munyu," Harshad akasema, kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Bwawa zima."

Lilivunwa mchana ule. Vibarua waliingia na reki, Kenga akiwa mbele, na chumvi ikainuka mafungu mafungu pembeni mwa tuta. Harshad alisimama ukingoni. Hakuwa na kibali cha kugusa hata mpini, kwa hiyo alifunga mikono yake nyuma, vidole vimeshikana. Mara moja Kenga aliteka maji kiganjani, akayainua na kumtazama kutoka mbali. Harshad akatikisa kichwa kukubali.

Kasiva, dirishani mwa ofisi, akajiuliza kama kutikisa kichwa nako kunataka kibali. Karatasi ilikuwa tayari kwenye mashine. Akaichomoa, akairudisha sandukuni, na safari hii hakumwandikia mtu kuuliza.