Malkia Aliyetolewa Mapema

Modesta na Latifa walijifunza sataranji pamoja, shuleni kwao Magamba. Latifa alipenda kufungua mchezo kwa kumtoa askari mmoja sadaka, ili kete zake kubwa zipate njia. Kila walipomaliza mchezo, waliambiana ni wapi palipowasumbua. Jioni moja, wakirudisha kete kisandukuni, Latifa alisema, "Nina ugonjwa mmoja. Malkia wa mtu akitoka mapema akamtishia mfalme wangu, kichwa kinasimama. Usimwambie mtu."

Modesta hakumwambia mtu.

Siku ya mashindano ya vijana Lushoto mjini, nusu fainali ikawakutanisha wao kwa wao. Latifa alicheka. "Afadhali wewe kuliko mgeni."

Akafungua kama kawaida yake. Akamtoa askari sadaka, Modesta akamla. Akasogeza askofu. Modesta alikuwa na majibu mengi, mengine kafundishwa na Latifa mwenyewe. Akamshika malkia, akampeleka hadi ukingoni mwa ubao, akamtishia mfalme.

Latifa aliinua macho. Hakutazama ubao, alimtazama Modesta, kama anayehakikisha kuwa ni yeye. Kisha akamsogeza mfalme, na tangu hapo mchezo ukamponyoka. Hakungoja kufungwa, alitoa mkono, akasalimu amri.

Mwalimu Rubeni, aliyewafundisha wote wawili, akasogea. "Modesta, nimewakataza kutoa malkia mapema. Ulijuaje kwamba leo itafaa?"

"Nilibahatisha tu, mwalimu."

Latifa alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Uso wa Modesta ukawaka moto.

Alitoka nje, akaketi barazani, ukungu ukishuka kutoka msituni. Latifa akamfuata na ubao kwapani.

"Mpinzani wako wa fainali nimemtazama akicheza," alisema. "Anaanza na farasi wote wawili. Sogea nikuonyeshe."

"Latifa, mimi nili…"

"Najua. Sogea, muda hautoshi."

Akaonyeshwa kila kitu, hatua kwa hatua, wala hakushika hata moja. Fainali alifungwa vibaya. Watu walipompa pole aliona nafuu, kisha akaionea haya hata hiyo nafuu.

Wiki iliyofuata walicheza tena. Latifa alikuwa yule yule, mcheshi, mwepesi wa kucheka. Walipomaliza, Modesta akamuuliza ni wapi palipomsumbua.

"Hakuna," Latifa alisema, akaanza kupanga kete upya.