Dirisha la Mtani

Katika ukumbi wa benki ile ya Tabora kulikuwa na madirisha mawili ya wenye akiba ndogo. Kwenye dirisha la Bwana Yoramu watu walijipanga mpaka barazani, wakasukumana na kukanyagana vidole. Kwenye dirisha la pili, la Imakulata binti Bernardo, palikuwa na kaunta iliyong'arishwa, wino mpya, na nzi. Si kwamba watu hawakumwona. Walimtazama sana, kama wanavyomtazama ng'ombe mgeni mnadani, kisha wakarudi kusubiri kwa Yoramu.

Asidhani mtu kwamba kazi ilimshinda. Hesabu alizijua tangu shule ya masista, na mwandiko wake ulisomeka hata na mwenye miwani iliyovunjika. Alikuwa amekaa nyuma akipiga taipu, mpaka mwezi wa Machi meneja, Mzungu mrefu mchache wa maneno, alipomwambia kwamba atamjaribu dirishani hadi mwisho wa Juni. Akipata wateja, dirisha ni lake. Asipowapata, atakuja karani mwanamume kutoka Mwanza, na yeye akae nyumbani, maana kiti cha taipu kilikwisha kupata mtu mwingine. Nyumbani kwao Itetemia, kando ya mji, baba yake aliposikia habari hiyo alimkumbusha tu kwamba kazi ya ualimu aliyoikataa haikuwa na mambo ya kujaribiwa. Hakuwa baba mbaya. Alikuwa baba.

Kasoro ya Imakulata ilikuwa sauti. Alilelewa katika Ukatoliki, na lile dirisha lenye nondo lilimkumbusha kitubio cha kanisani, basi akawa ananong'ona kana kwamba yeye na mteja wote wana dhambi. Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini pale kaunta kimya kilikuwa kimya tu. Mtu aliyeuza ng'ombe wake asiposikia vizuri anachoambiwa, hufikiri kwanza kwamba ameibiwa.

"Kazi unaiweza," Yoramu alimwambia jioni moja wakifunga makabati. Alikuwa Mnyamwezi wa Usoke, Mmoraviani, mtu wa kola iliyokazwa, asiyesifu ovyo. "Tatizo lako, unaomba radhi kwa kuwapo."

"Samahani, Bwana Yoramu," akajibu Imakulata.

Yoramu alivaa kofia yake akaenda zake.

Wa kwanza kulisogelea dirisha lile kwa hiari yake alikuwa Bibi Zamda wa mtaa wa Ng'ambo, na wala hakuvutwa na sifa za karani. Miguu ilikuwa imemvimba, na mstari wa Yoramu ulikuwa mrefu. Zamda alikuwa mfanyabiashara wa mchele, alioununua Igunga kwa magunia na kuuza Tabora kwa vibaba, na mjini hapakuwa na dalali aliyewahi kumzidi maneno. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyetoka pwani na msafara wa tajiri mmoja, akafika Tabora, akaoa, akasahau kurudi.

"Shikamoo, bibi," Imakulata akanong'ona.

"Marahaba. Sikusikii, lakini marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Itetemia."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo, bibi."

Zamda akaugeukia ukumbi. "Jamani, njoni muone! Mpagazi wa babu yangu wamemfungia kizimbani! Umeangusha mzigo gani, mwanangu, mpaka wakakutia nondo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kila mtu pale alijua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, tangu mmoja alipobeba mizigo na mwenziwe akashika njia mbele, wakazikana porini. Imakulata naye alilijua hilo. Kwao Itetemia aliwaona watani wakinyang'anyana kuku mchana kweupe. Lakini alikuwa amejiaminisha kwamba utani ni wa vilioni na sokoni, na kwamba mtu aliyevaa viatu vya kisigino ndani ya benki hataniwi wala hatanii. Machozi yakamlenga.

"Samahani, bibi," akasema.

Kicheko kikakatika. Zamda akamtazama kama mtu aliyempa mwenzake mkono, ukaachwa hewani.

"Samahani? Mtani nimekurushia neno, wewe unaniomba radhi? Nani kakufundisha tabia hiyo?" Akachukua kitabu chake cha akiba. "Nitarudi Jumanne. Usiponijibu, nahamia kwa yule mwenye kola, hata miguu ipasuke."

Imakulata aliona aibu siku ile, aibu ya kweli, si ya kutaniwa bali ya kushindwa kujibu. Jioni alimsubiri Yoramu mlangoni.

"Bwana Yoramu, mtu anaruhusiwa kujibu utani humu ndani?"

"Utani ni deni," akasema Yoramu. "Siku yangu ya kwanza, Bibi Zamda huyo huyo aliniuliza kama huwa ninaoga na kola. Nikamwambia naivua, nakamulia nazi yake. Tangu hapo hajawahi kunitilia shaka senti moja." Hakucheka alipokuwa akisema hivyo. Yoramu hakucheka kirahisi.

Imakulata alifanya mazoezi ya kujibu siku zote zile, akipika, akifua, akitembea. Mama yake, Apolinaria, alidhani binti anasali.

Jumanne Zamda alikuja na kujiegemeza kwenye kaunta. "Mpagazi, bado umo?"

"Shikamoo, bibi! Karibu!" Sauti ilimpasuka katikati, lakini ilitoka. "Na wewe umewezaje kufika? Nimesikia ngoma Ng'ambo tangu juzi, nikasema basi, Mzaramo huyu hatumwoni tena mpaka ngozi ya ngoma itoboke!"

Zamda akapiga kaunta kwa kiganja. "Amesema! Bubu amesema!" Akacheka mpaka akakaa kwenye benchi, na Imakulata naye akacheka hata akamwaga wino.

Tangu hapo bibi alikuja kila Jumanne, na akimaliza shughuli zake hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, kisingizio miguu, na dirisha likiwa tupu alifundisha. "Salamu ipigie ukumbi mzima. Hesabu ninong'oneze mimi peke yangu. Wewe unafanya kinyume." Siku nyingine: "Mwanamume akikukaripia, usimjibu mpaka umalize kuhesabu. Ukijibu katikati utakosea, naye atakuwa amepata alichokitaka." Na siku mfanyabiashara wa ngozi, Lukumani, alipogeuza njia dirishani pale akisema hawezi kumpa mtoto wa kike jasho lake, Zamda hakumtetea Imakulata. Alisubiri Lukumani atoke, kisha akamuuliza, "Kwa nini uliangalia chini? Kuna nini huko chini?"

"Hakuna kitu, bibi."

"Basi kiache."

Walikuja wateja wachache: wauza mchele wawili watatu, mama mmoja wa Puge aliyeuza karanga. Juni ikazidi kusogea, na mstari ulibaki kwa Yoramu. Meneja alipita, akatazama, akaandika kitu, akaingia ofisini. Karani wa Mwanza alikwisha kuulizia nyumba ya kupanga.

Katika juma la mwisho la Juni, Jumanne ilifika na benchi likabaki tupu. Alhamisi Yoramu akasikia kwamba kuvimba kwa miguu ya Zamda kulitokana na ugonjwa wa moyo. Ijumaa usiku Bibi Zamda akafariki.

Jumamosi benki ilifungwa mchana. Imakulata akavua viatu vya kisigino, akajitanda kanga, akaenda Ng'ambo. Nusu ya Tabora ilikuwa pale. Uani watani wa kiume walikwisha kuanza vituko: mmoja amekalia sufuria ya wali, mwingine amejifunga kanga ya marehemu kiunoni akidai ni mumewe. Lakini ndani, kwa wanawake, palikuwa na kilio kizito tu. Akaketi karibu na mlango. Alikuwa amempoteza mtu pekee aliyekuja dirishani kwake kwa ajili yake, na hata kulia hakuweza.

Wanaume wakaingia kulibeba jeneza. Ajuza mmoja akapaza sauti. "Zamda anatoka kimya hivi? Zamda huyu? Humu ndani hakuna mtani wa kike?"

Wanawake wa Kinyamwezi waliokuwamo waliendelea kulia. Mwanamkuu, binti wa marehemu, macho yamemvimba, akazungusha uso chumbani mpaka ukamfikia Imakulata, mpagazi aliyesimuliwa na mama yake kila Jumanne. Alimtazama tu.

Imakulata alitazama chini. Chini palikuwa na mkeka. Hakukuwa na kitu kingine.

Akasimama, akaitwaa bakora ya marehemu iliyoegemezwa ukutani, akaenda kukaa juu ya kizingiti, miguu ameinyoosha, njia ameiziba.

"Nani hao wanaonibeba?" akapaza, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya Zamda mwenyewe, na ukali wake na kikohozi chake. "Wanyamwezi? Shikeni vizuri! Babu zenu walibeba pembe mpaka pwani bila kuziangusha, nyie mnashindwa na kibibi cha Kizaramo?"

Mwanamkuu akacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio, na chumba kizima kikafuata. Waliobeba jeneza mabega yaliwatikisika. Mmoja wao alikuwa Lukumani.

"Hatoki mtu!" Imakulata aligonga bakora. Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, na ilifika barabarani. "Mpagazi hajalipwa! Tumembeba huyu tangu pwani, kala nazi zake peke yake, kacheza ngoma zake peke yake, leo anataka kuondoka bure! Leteni ujira!"

Wakamrushia senti. Akazikataa, kama desturi inavyotaka, akasema hizo ni za kununulia chumvi. Wakaongeza. Akazikusanya kwenye kanga, akasimama, akaiacha njia wazi.

"Haya nenda, mtani wangu," akasema. "Njia nyeupe."

Jeneza lilipopita ndipo akalia, na hata kulia kwake siku ile kulisikika.

Jumatatu benki ilipofunguliwa, Yoramu aliinua macho akaona mstari wake umekatika katikati. Nusu ilikuwa imehamia dirisha la pili: wanawake wa mchele, wachoma mkaa, mafundi cherehani, na Lukumani na mfuko wake wa ngozi. Alipofika dirishani alikohoa kidogo.

"Mpagazi," akasema, "hesabu vizuri."

"Shikamoo, mzee Lukumani! Nitahesabu. Wewe nyamaza nisikosee."

Meneja alitoka ofisini akasimama akiutazama mstari ule. Akamuuliza Yoramu kumetokea nini. Yoramu akamjibu kwamba kulikuwa na msiba. Meneja hakuelewa, lakini kuhesabu watu alijua, na kabla ya saa sita alimwita Imakulata akamwambia dirisha ni lake. Karani wa Mwanza aandikiwe asije.

Imakulata alirudi kitini. Alitamani sana benchi lile lisiwe tupu. Mbele yake alikuwa amesimama mwanamke mgeni aliyejifunika kaniki, kitita kimefungwa kwenye pindo, akitazama kaunta. Alisema kitu ambacho hakikuvuka nondo.

"Sikusikii, mama. Karibu sana. Umetoka wapi?"

"Nimeolewa hapa," akanong'ona yule mama. "Kwetu Ugogo. Nataka kuweka hela."

Imakulata akaweka kalamu chini.

"Mgogo, mtani wangu!" akapaza, na ukumbi wote ukageuka. "Jamani, njoni muone! Babu zake waliwatoza babu zetu hongo ya kupita, wakawatoza na maji ya kunywa, leo mjukuu wao kazirudisha mwenyewe!"

Watu wakacheka. Yule mama polepole akaacha kutazama kaunta, akakifungua kitita chake mbele ya watu wote, akanyoosha shingo.

"Hizi ni zangu," akasema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Za maji bado mnadaiwa!"