Kisanduku cha Kukaribisha

"Sauti ni yako, Mama Lulu, usinikatalie! Kila Magharibi utaisikia, 'Karibu, karibu ndani!' Unamkaribisha nani, na mlangoni hamna mtu?"

"Nimkaribishe nani mie, Mwamini? Huo mtambo wa mtoto. Kaniambia niseme, nikasema. Ukiona wivu njoo nawe ukaribishwe!"

Majirani walioegemea ua wakaangua kicheko. Mtaa mzima wa Bangwe ulijua nyumba ya Mama Lulu haiishi wageni. Lakini Mwamini hakucheka. Tangu mtumbwi wa mumewe Abdulatif uokotwe ziwani mtupu, nani kamwona akicheka?

Lulu alikuwa amekiinamia kisanduku chake pale kizingitini. Ndiyo kazi yake ya somo la usanifu na teknolojia, kidato cha tatu: mtu akikaribia, jicho la kisanduku linamhisi, sauti inamkaribisha. Kesho Mwalimu Pastory angekuja kukikagua, na alishasema wazi: kikikaribisha hewa, alama hakuna.

Na hewa ndiyo kilikuwa kinaikaribisha. Lulu alifunga mbuzi, akafukuza kuku, akabadilisha betri. Wapi! Jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, kisanduku kinasema.

"Jicho lile halijui mtu," mwalimu alikuwa amemweleza alipomuuliza shuleni. "Linajua tofauti ya joto. Kipite cha moto, litaamka. Kipite cha baridi kuliko hewa, litaamka vilevile. Sasa mlangoni kwenu jioni kinapita nini cha baridi?" Akacheka, akaenda zake.

Lulu hakucheka. Kila kisanduku kiliposema, ubaridi ulimpanda miguuni, na harufu ya maji ya kilindini ikamjia.

"Mwanangu," Mwamini alishusha sauti, "hodi mmeisikia?"

"Hatujasikia, mama mdogo."

"Ndipo mlipokosea. Watu husubiri hodi, ndipo wakajibu. Nyie mmeweka kitu kinachokaribisha kabla ya hodi. Hata asiye na sauti ya kupigia hodi anaingia."

"Astaghfirullah! Usiniletee mambo, Mwamini!"

"Basi kisanduku nipeni mie. Kama ni yeye, aingie kwangu. Kwa nini aitwe na sauti ya jirani?"

Safari hii hakucheka mtu.

Lulu alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Kikinyamaza kwa Mwamini, basi kasoro iko kwenye ukuta wao, kisanduku ni kizima, na alama zake zimepona. Akafuta sauti ya mama yake, akarekodi ya Mwamini, akakipachika mlangoni kwake. Akapita mbele ya kisanduku, kikasema. Akakaa pembeni, kikanyamaza.

Mwamini akaingia kupika.

Jua likazama. Kimya. Lulu akashusha pumzi.

Halafu vifundo vya miguu vikamganda, kama kasimama ziwani. Ubaridi ule haukusimama kwake. Ulimpita, ukaelekea mlangoni. Tangu aanze somo lile, Lulu hakuwahi kuomba kazi yake iwe mbovu. Jioni ile aliomba.

Taa nyekundu ikawaka.

"Karibu, karibu ndani," ilisema sauti ya Mwamini.

Mwamini mwenyewe akatokeza, mikono ingali na unga wa muhogo. Nyuma yake sinia lilikuwa limeshaandaliwa, ugali na samaki, mgebuka wa mawese. Hakumtazama Lulu. Aliinua macho kidogo, usawa wa uso wa mwanamume mrefu, akajibana ukutani kumpisha.

"Pole na maji, mume wangu," alisema. "Ingia ule, bado cha moto."