Nyundo ya Chini ya Kitanda

"Niko na mugeni mumoja," alisema Adèle, mikono yake ikiendelea kuchambua majani ya muhogo. "Ukimungojea ku mulango, haji. Ukimusahau, unamukuta amekwisha kuingia, amekukalia ku macho. Ni nani?"

"Mbu!" alijibu Kabamba, mjukuu wake wa miaka saba.

"Mbu anakaa ku masikio. Umeshindwa. Nipe muji."

"Ninakupa Likasi, nkambo."

Nkambo, ndivyo wajukuu wote walivyomwita bibi yao. Adèle alipokea Likasi kwa mikono miwili kama mtu anayepewa sahani. "Nimefika Likasi, wamenichinjia kuku, nimekula, nimeshiba. Mugeni wangu ni usingizi."

Kabamba akatazama mkekani. Dada yake Tania, mwenye miaka miwili kasoro mwezi, alikuwa amekaa wima kama mshumaa wa kanisani, macho yake yakimwangalia bibi bila kupepesa.

"Kwa Tania amekataa kuingia," alisema Kabamba.

Na hapo ndipo penye mambo.

Tania aliletwa Kazi Mbili, ndiyo Jumanne, kuachishwa ziwa. Desturi ni ya zamani: mtoto anapelekwa kwa bibi, asimwone mama, asisikie harufu yake, mpaka kifua kile akisahau. Adèle alikwisha kupokea wajukuu tisa kwa njia hiyo, na wote tisa usiku wa tatu walilala kama mawe ya mtoni. Alijivunia jambo hilo kuliko hata nyumba yake ya matofali aliyoachiwa na marehemu mume wake. Mtaani walimwita Mama wa Usingizi, na yeye hakuwakataza.

Safari hii haraka ilikuwa imeingia ndani ya desturi. Rachelle, mama yake Tania na mkwe wa Adèle, alikuwa amechaguliwa kwenda kujifunza kuendesha yale malori makubwa ya mgodini, ambayo gurudumu lake moja linampita mtu kwa urefu. Wanawake walioomba walikuwa wengi, waliochukuliwa wanne. Masomo yalikuwa yaanze Kazi Moja, Jumatatu ya juma lililofuata. Lakini tangu familia ihame kutoka mtaa wa Kasulo, miezi minne iliyopita, Rachelle hakujua tena usingizi ni nini. Mtoto alimng'ang'ania kifuani toka magharibi mpaka jogoo awike. Akimtoa, kilio. Akimrudisha, kimya. Na dereva asiyelala, hata mwenye lori dogo la mchanga, anajichimbia kaburi na kuwachimbia wenzake.

"Mama," alikuwa amesema Rachelle siku ile langoni, mfuko wa nguo za mtoto mkononi, "kama mpaka Siku ya Mungu Tania halale bila mi, nitapiga simu. Nitabaambia bapatie mwingine nafasi yangu. Siwezi kuendesha na macho ya mulevi, na siwezi kuacha mutoto analia usiku muzima ku mugongo wako."

"Wewe enda," Adèle alimjibu. "Na usigeuze shingo. Mutoto akiona shingo inageuka, anajua kilio kina kazi."

Rachelle akaenda. Shingo haikugeuka, ila hatua zilikimbia mpaka kwenye kona.

Usiku wa kwanza Adèle alitumia dawa zake zote: maji ya vuguvugu, uji mzito, kitenge mgongoni, nyimbo za kanisa za sauti ya chini. Tania alilia. Usiku wa pili alilia tena, na asubuhi wote wawili walikuwa na sura za watu waliotoka kilioni. Ndipo Adèle akasema, nyumba hii ina kelele mno. Akazima redio. Akahamisha kuku upande wa pili wa lupango, uani mbali na dirisha. Akamwomba jirani yake, Mama Mbayo, apunguze nyimbo zake za maombi. Kabamba akafundishwa kutembea kwa vidole. Nyumba ikawa kimya hata ungesikia mchwa wakila fremu ya mlango.

Na kadiri kimya kilivyozidi, ndivyo macho ya mtoto yalivyofunguka. Kitu kimoja kilimsumbua Adèle. Kabla ya kuanza kulia, Tania alikuwa akiteremka kitandani, anachuchumaa, anaweka kiganja chake sakafuni na kukiacha pale, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Halafu anainua uso, na mdomo unapinduka.

"Unatafuta nini, mama mudogo?" alimuuliza.

Tania akakirudisha kiganja sakafuni, akalia.

Ilipofika Kazi Tano, ndiyo Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, bila mtoto kufumba jicho tangu alfajiri, Adèle alikata tamaa. "Bon," alisema. "Kama hatulale, tule." Akaburuta kinu mpaka kivulini, akamwaga majani aliyokuwa akichambua, akanyanyua mchi.

Tu! Tu! Tu!

Tania akasimama. Akaacha kijiko alichokuwa akichezea, akaja taratibu hadi pembeni ya kinu, akalala chini kifudifudi, shavu ardhini, kiganja karibu na shavu. Adèle akaendelea kutwanga, moyo wake mwenyewe ukipiga kuliko mchi. Alipohesabu hamsini, mtoto alikuwa akikoroma.

"Mama wee," alisema kwa pumzi.

Akaacha kutwanga. Tania akafumbua macho. Akatwanga. Macho yakafumba. Sombe ile ya majani ya muhogo ikalainika, ikapita kulainika, ikawa kama uji wa kijani, na Adèle bado anatwanga, jasho likimtiririka mpaka kiunoni.

"Adèle!" sauti ya Mama Mbayo ilitoka nyuma ya ukuta. "Sombe gani hiyo haiishe? Ao munapikia basoda ba kambi muzima?"

"Ninatwanga usingizi, Mama Mbayo! Ukitaka, leta kikombe!"

"Haya! Na mi nitwangie nani? Bwana yangu anakoroma bila kinu!"

Kabamba alikuja akajikunja karibu na dada yake, akaweka na yeye shavu chini. "Nkambo," alisema baada ya muda, "iko namna moja na ya Kasulo. Papa alikuwa anapiga hivi hivi chini ya kitanda yetu. Ila yeye alikuwa anapumzika kidogo. Wewe haupumzike."

Mchi ukabaki hewani.

Jambo la shimo la Kasulo halikuwa likisemwa katika nyumba ile. Hénock, mwana wa Adèle, baba wa watoto hawa, alichimba kama nusu ya mtaa ule walivyochimba: ndani ya nyumba, chini ya chumba walicholala watoto, akitafuta mawe yale meusi ya kobalti. Tania alizaliwa shimo likiwa tayari na kina cha watu watatu. Kila jioni baba alishuka na taa kichwani, na nyundo ikaanza. Halafu siku moja ukuta ukapasuka hata mkono ukapita, mguu wa kitanda ukazama sakafuni, na wakatoka usiku ule ule na magodoro kichwani, wote wazima, shukrani kwa Mungu. Asubuhi yake Adèle alimwuliza mwanawe mbele za watu: "Mi nilizaa mutoto ao nilizaa panya?"

Tangu siku hiyo mama na mwana walikuwa wakiongea juu ya sukari na chumvi tu. Hénock alikwenda kuchimba Mutoshi, akawa harudi ila mwisho wa juma, na akipita kwa mama yake haketi.

Jioni hiyo Adèle alijaribu kinu peke yake, karibu na dirisha la chumba. Tania alitulia, lakini kila mara alipokaribia kuzama, alishtuka na kuinua kichwa. Kuna kitu hakikukaa sawa. Na Mama Mbayo akaongeza chumvi: "Kinu magaribi! Mutu anayetwanga saa hii anaficha bageni chakula!" Adèle akakiweka kinu chini. Mikono ilikuwa imekufa, na bado siku mbili.

Siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, Hénock alifika saa kumi, vumbi la Mutoshi limemkaa kwenye nyusi.

"Sukari iko, mama?"

"Iko."

"Na chumvi nimeleta."

"Aksanti." Adèle akamsogezea kiti. "Ikala, Hénock. Nataka kukuuliza juu ya lile shimo."

Hénock alikuwa ameshika kikombe cha maji. Akakiweka chini bila kunywa. "Mama. Tena? Nilikuomba pardon. Niliomba pardon ya Rachelle, niliomba ya batoto, niliomba ya kanisa. Sasa niombe ya nani, ya ukuta?"

"Sitaki kukugombeza. Nataka unifundishe vile ulikuwa unapiga."

"Kupiga nini?"

"Nyundo. Mule chini."

Akamtazama mama yake kama anayetafuta mahali mtego ulipofichwa. Ikabidi Kabamba amweleze: habari ya kiganja sakafuni, ya sombe, ya macho kufumba na kufumbua. Hénock alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua viatu, akaketi kwenye mkeka ambapo Tania alikuwa akivuta nyuzi za kitenge, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akakunja ngumi, akaigonga ardhi.

Tu. Tu. Tu. Akanyamaza muda wa pumzi moja ndefu. Tena: tu, tu, tu.

"Tatu, halafu unapumua," alisema kwa sauti ndogo. "Mule hewa haitoshe. Ukipiga ya ine bila kupumua, kichwa kinazunguka. Halafu unakwangua mawe, hivi." Akaburuta kucha zake mkekani: krrr.

Tania akageuza kichwa. Akatambaa mpaka kwenye goti la baba yake, akaweka kiganja chini, akakiacha pale. Safari hii kiganja kilipata kilichokuwa kikitafuta. Kwenye krrr ya tano alikuwa amelala, mdomo wazi, na hakushtuka tena.

Hénock hakuacha kugonga.

"Mi nilizania kelele yangu ilikuwa inabanyanganya usingizi," alisema. "Kila siku mule ndani nilikuwa nasema, niharakishe, batoto balale."

Adèle akageukia mbabula, lile jiko lake, akachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa, maana mwanaume ana haki ya kupangusa uso wake bila shahidi.

"Shimo lilikuwa mubaya," alisema akiwa amempa mgongo. "Nilisema, na kesho nitasema tena. Lakini mukono haukuwa mubaya. Na mi sikuzaa panya."

Hénock alicheka kidogo puani. Akanywa maji yake, akaketi mpaka bukari, ndiyo ugali, ikaiva, akala.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya Adèle. Hénock alipaswa kurudi Mutoshi baada ya misa, na mtoto haachwi na ngumi ya mtu asiyekuwepo. Usiku ule Adèle alifundishwa kama mtoto wa shule, kiganja chake juu ya godoro, Tania kati yao. Alizoea mwendo wa sombe, akawa anakimbia. Tania alifungua jicho moja.

"Apana," alisema.

"Unasikia mwalimu?" alisema Hénock. "Punguza, mama. Pumua."

Siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, mchana Rachelle alikuja na simu mkononi. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha la chumba, nyuma ya pazia, na Kabamba alisimama naye kumlinda asikohoe. Hénock alikwisha kupanda gari la Mutoshi. Ndani walikuwa wawili tu, mwanamke mzee na mtoto mdogo, na kitanda.

Tania alitazama mlango. "Mama?"

"Mama anaenda kufundishwa lori. Lori kubwa sana. Lala, ukue, akupandishe."

Mdomo ukaanza kupinduka. Adèle akaweka kiganja kwenye godoro. Tu, tu, tu. Akapumua, pumzi yote, mpaka chini. Tu, tu, tu. Alikosea mara moja akapiga nne, akasikia mwenyewe, akasubiri, akaanza upya. Krrr, kwa kucha. Nje Rachelle alikuwa amefunga mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa. Tania akalala kifudifudi, kiganja kidogo kando ya kiganja kikubwa. Akavuta pumzi kama mtu anayetua mzigo, na mgeni akaingia.

Dakika ishirini Rachelle alisimama pale. Halafu akatia simu mkobani, akafunga zipu.

"Mama, hautapiga simu?" alinong'ona Kabamba.

"Nitapigia nani?" alisema Rachelle. "Asubuhi basi linakuja saa kumi na moja. Mwambie nkambo yako nimekwenda kupasi nguo."

Kesho yake, Kazi Moja, jua likiwa limeanza kulegea, alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, kofia ngumu kwapani. Sasa aliruhusiwa kuingia, kwa kuwa Tania alikuwa amekwisha kulala mkekani, na mkono wa Adèle juu ya mgongo wake ukienda tatu na pumzi, tatu na pumzi. Rachelle akaketi kando yao, akaegemea ukuta.

"Mama, ile lori ni kama kanisa," alianza. "Kupanda kuko ngazi. Mwalimu ametuonyesha breki, akasema, ninyi bamama, musiiogope, ile ni..."

Adèle alisubiri kusikia ile ni nini. Hakusikia. Aligeuka akamkuta Rachelle kichwa kimeanguka begani, kofia imeviringika miguuni. Kwa mkono wa pili, uliokuwa haufanyi kazi, akaanza kumgonga goti polepole, tatu na pumzi.

Kabamba alisimama mlangoni, akawatazama wote.

"Nkambo," alisema, "mugeni wako amekuja na ndugu yake."

"Nyamaza basi," alisema Adèle, "wasije wakatoka wote wawili."