Bitana ya Upinde

Upinde wa kwanza ulivunjika siku ya Jumanne, saa kumi na nusu alasiri, binti akiwa ameuvuta mpaka kidevuni. Mkono wa juu ulipasuka upande wa nje, na kibanzi chenye urefu wa kidole kikaruka kikamchana juu ya nyusi. Akashonwa nyuzi nne. Tabibu wa zahanati alisema kingeshuka kidogo tu, wangekuwa wanazungumzia jicho. Mama yake hakulia wala hakupiga kelele. Aliokota vipande vyote, akavipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wake, kisha akaanza kumshuku shemeji yake.

Kushuku ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu wa kuingia madukani na sanduku la mawe ya shaba na kutoka na kilo zisizotimia. Wauza nafaka walimbandika jina la Gramu, na jina likamfuata hadi nyumbani. Hata mumewe, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, alilitumia alipotaka kumtania.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa na uwanja wa mbao. Watu walimwita Kabari, kwa kuwa hapakuwa na gogo wala mazungumzo yaliyomshinda kupasua katikati. Ndiye aliyetoa kipande cha msaji ambacho Gramu mwenyewe alikichonga kuwa upinde wa binti yake. Alikitoa bure, jambo ambalo Gramu alilihesabu kuwa dosari ya kwanza. Dosari ya pili ilikuwa rangi: ncha zote mbili zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu nzito, kiasi kwamba pete za mti hazikuonekana. Ya tatu ndiyo iliyomkosesha raha. Kabari naye alikuwa na binti, rika moja na wake, na klabu ya mishale ilikuwa imebakiza nafasi moja tu kwenye timu ya pinde za mbao. Upinde wa binti wa Kabari ulitoka kwenye gogo hilohilo. Ule haukuvunjika.

Mumewe, akiwa na pini tatu mdomoni, alimwambia mdogo wake ana maneno mengi lakini hana hila. Gramu akamjibu kwamba mwenye maneno mengi ndiye mwenye pa kuificha.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kuhukumu kwa hisia. Siku ya pili alikwenda kwa Kabari saa ambazo hayupo, akamsifu binti wa nyumba hiyo kwa shabaha yake nzuri, akaomba kuushika ule upinde. Alipourudisha alikuwa na vipande viwili vya mbao kwenye leso, vyembamba kama kucha, alivyokwangua karibu na mshikio. Nyumbani akavipima kwenye mizani ndogo, akavizamisha kwenye maji ili kujua ujazo wake, akafanya vivyo hivyo kwa kibanzi cha upinde uliovunjika. Uzito kwa ujazo ulikuwa uleule. Unyevu uleule. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Gramu alizishuku mizani zake mwenyewe, akazipima kwa mawe ya shaba. Zilikuwa sawa.

Basi akahamia kwenye bitana. Ndivyo walivyoiita nyumbani kwao, kwa lugha ya cherehani: kile kinachogandishwa kwenye mgongo wa upinde ili nyuzi za mti zisiinuke. Mgongo ni ule upande unaotazama shabaha. Upinde ukivutwa, mgongo hunyooshwa kama mpira na tumbo, upande wa mpigaji, hubanwa. Bitana ya kwanza ilikuwa kitani, na kitani kilitoka kwenye kabati la mumewe. Gramu alikata ukanda wa upana uleule, akauning'iniza mlangoni, akaufungia mawe moja baada ya jingine huku mumewe akitazama juu ya miwani yake.

"Leo ni zamu yangu," mumewe alisema.

"Ni zamu ya kitambaa."

"Kitambaa changu hakina ndugu wa kushindana nao kwenye klabu."

Kitani kilibeba kilo ishirini na mbili kabla ya kuchanika. Hakikuwa na kosa. Juu ya meza akaweka vingine, kwa ajili ya upinde wa pili: ngozi mbichi ya mbuzi iliyokwanguliwa manyoya, ukanda wa mwanzi, utepe wa nyuzi za kioo wa mafundi wa mashua. Mwanzi ulikuwa na nguvu kuliko msaji wenyewe na ungeliponda tumbo la upinde. Utepe wa kioo ulitaka gundi ambayo hakuwa na uzoefu nayo. Ngozi mbichi haikuongeza nguvu nyingi, lakini mbao ikipasuka chini yake, vibanzi hubaki ndani. Akaichagua ngozi kwa sababu hiyo moja. Mumewe akasema, kwa utani ambao haukumchekesha mkewe, kwamba fundi akikimbilia bitana mara nyingi kuna mshono hataki uonekane.

Mbao ndiyo iliyobaki tatizo. Mkaratusi aliouona kwa muuzaji wa kwanza ulikuwa umejipinda ukikauka. Mpera wa muuzaji wa pili ulikuwa na vifundo kila shubiri. Hapakuwa na msaji uliopasuliwa vizuri isipokuwa kwa Kabari. Siku ya tisa tangu ajali, Gramu alitia vipande vya upinde kwenye mfuko, akaenda huko saa ya chakula, Kabari akiwa hayupo, ili amhoji msumeno kabla ya mwenye msumeno.

Mpasua mbao wa pale alikuwa mzee mwenye unga wa mbao hadi kwenye kope. Alikuwa akipaka rangi nyekundu kwenye ncha za vipande vipya. Gramu akamuuliza anaficha nini. Mzee akashangaa. Bila rangi, alieleza, maji hukimbia kupitia kwenye ncha na kipande kizima hupasuka. Kila uwanja unapaka. Kisha akachukua penseli na kuandika M kubwa kwenye uso wa kila kipande, kama ile M iliyokuwa kwenye kipande cha Gramu.

Gramu aliifahamu M hiyo. Alikuwa amempigia shemeji yake simu kabla ya kukichukua kipande, akamwambia asisahau kumwonyesha mgongo ni upi, na Kabari akajibu kwamba alama ameshaweka, hawezi kukosea. Kwenye M ndipo alipobandika kitani.

"Mzee wangu," alisema, "hiyo M mnaandikia nini?"

"Moyo," mzee akasema. "Upande uliokuwa unatazama moyo wa mti. Seremala lazima aujue, kwa sababu ndio unaovunjika kama biskuti."

Gramu alitoa kipande cha upinde chenye ncha, akaomba kisu, akakwangua rangi nyekundu. Pete zikatokea. Zilikuwa zimejikunja kama tabasamu kuelekea kwenye kitani, na maana yake ilikuwa moja: moyo nje, gome ndani. Alikuwa amepima unene kwa sehemu ya kumi ya milimita, amepima unyevu kila asubuhi kwa wiki tatu, na upande dhaifu wa mti akauelekeza kwenye shabaha, sentimita chache kutoka kwenye jicho la mwanawe.

Alikuwa bado ameshika kisu Kabari alipoingia. Shemeji yake hakuanza na salamu zake ndefu. Alitazama vipande, akamtazama yeye.

"Binti yangu ameniambia ulikuja kumkwangulia upinde."

"Nilikuja."

"Nikajiuliza, shemeji anatafuta nini kwenye mbao yangu. Ukachukua usiseme."

"Nilidhani ulitupatia kipande kibovu," Gramu alisema. "Kwa ajili ya ile nafasi. Nilidhani M ni mgongo."

Kabari alikaa juu ya gogo.

"Umenishuku siku ngapi?"

"Tisa."

"Siku tisa," alisema, "na hukuniuliza herufi moja."

Hakumpa kipande kipya kwa mkono wake. Alimwonyesha rundo, akasema achague mwenyewe, akate ncha mwenyewe, asije akaishuku tena rangi. Gramu alichagua kwa saa nzima. Alipoondoka, Kabari hakumsindikiza hadi getini kama desturi yake.

Kumwambia mumewe hakukuwa kazi ngumu. Mume aliweka pini mezani, akasikiliza, akarudi kwenye mshono. Binti ndiye aliyekuwa mgumu. Gramu alimweleza mbele ya upinde mpya, uliokwisha kuchongwa lakini bado uchi, ngozi mbichi ikiwa imelowekwa kwenye beseni tayari kubandikwa. Alieleza kwa utaratibu, M na moyo na mgongo, bila kujitetea. Binti alisikiliza, kidole kikipapasa kovu juu ya nyusi.

"Na huu nani ameuthibitisha?"

"Mimi."

"Na ule?"

"Mimi," akasema.

"Basi usibandike kitu," binti alisema. "Nataka kuuona kwanza. Na baba mdogo auone."

Ilibidi Gramu apige simu. Kabari alikuja jioni hiyo, akakataa chai, akaugeuzageuza upinde karibu na dirisha. Alimwonyesha binti ncha: pete zimejikunja kuelekea tumboni. Akamwonyesha mgongo, pete moja isiyokatika kutoka juu hadi chini, akamwacha aifuate kwa kucha. Binti aliifuata mara mbili. Mara ya pili alisimama mahali fulani karibu na mkono wa chini, akauliza doa hili ni nini. Kabari alisema ni penseli. Binti akalifuta kwa mate kuhakikisha.

"Sasa bandika," akamwambia mama yake.

Hakwenda kucheza wala kusoma. Alisimama palepale mpaka ukanda wa mwisho wa ngozi ulipofungwa kwa kamba.

Siku ya saba gundi ilikuwa imekauka. Gramu aliuning'iniza upinde kwenye ubao wenye vijino ukutani, akauvuta kwa kamba kutoka mbali, kijino kwa kijino, mara mia moja, hadi kipimo cha mkono wa binti na sentimita tano zaidi. Haukulia. Akautoa, akaufuta, akaunyoosha kwa binti kwa mikono miwili.

Binti hakuupokea mara moja. Alikwenda kwenye kabati la vifaa, akarudi amevaa miwani minene ya wachomeleaji, akamwomba mama yake asogee nyuma, kisha akauvuta. Gramu hakumwambia avue.