Kumvalisha Mtu Kifungu cha Tatu

Ofisini walimwita Mama Maana. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwandishi wa sheria, na kila muswada uliopita pale, kifungu cha tatu, kile cha tafsiri, kilikuwa chake. Wengine waliandika adhabu na kamati. Yeye alibaki na kazi ya kusema chombo ni kipi, mtu ni nani, na Serikali ni nani hasa pale inapotajwa Serikali. Ni kazi isiyo na sifa. Lakini tafsiri moja ikikaa vibaya, vifungu themanini vinavyofuata vyote vinakwenda upogo.

Mwaka huo uliletwa Muswada wa Nishati ya Nyuklia. Wenzake waliuona, wakaukimbia kama deni. "Hayo ya atomu mpelekeeni Mama Maana," walisema, na kila mmoja akakumbuka ana safari. Yeye alijifungia na vitabu miezi mitatu, mpaka akaweza kueleza bila kigugumizi chanzo cha mionzi ni nini, taka za mionzi zinaanzia wapi, na madini gani yaliyo chini ya ardhi ni ya Serikali hata kama shamba lililo juu yake ni la mtu.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Mkuu wao wa kwanza alikuwa mtoto wa fundi cherehani, na aliwafundisha kwamba tafsiri ni nguo, haitoki dukani kabla hujamvalisha mtu. Kwa hiyo kila tafsiri iliyomhusu binadamu, mwandishi alitakiwa amtafute mtu anayemjua, aone kama inamkaa, kisha amtaje pembeni kwa penseli. Mkuu huyo alishastaafu zamani, ila penseli zilibaki.

Walipofika kwenye "mfanyakazi wa mionzi", wataalamu walileta tafsiri fupi: "maana yake ni mtu aliyepewa kipimamionzi." Hicho ni kibeji kinachobanwa kifuani, kila mwezi hukusanywa na kusomwa, ijulikane aliyekivaa amepigwa na mionzi kiasi gani. Aliyeingia katika tafsiri hiyo angepimwa afya kila mwaka na kutibiwa na taasisi iliyomwajiri hata baada ya kustaafu. Asiyeingia, basi tena.

Mama Maana hakuhangaika kutafuta wa kumvalisha. Kaka yake, wa tumbo moja, alikuwa mfagiaji kwenye taasisi ya utafiti, katika chumba kile kile vinamohifadhiwa vyanzo vya mionzi. Kila alipopita kwa dada yake akitoka kazini, kibeji kilikuwa kifuani. Kama mpaka mfagiaji anacho, nguo imewatosha wote. Akaandika pembeni, "Kaka," akageuza ukurasa.

Jumapili moja mchana, siku moja kabla ya muswada kusomwa ofisini mara ya mwisho, kaka alikuja na koti lake la kazi mkononi.

"Nishonee mfuko huu, mdogo wangu. Wifi yako siku hizi haoni hata tembo, sembuse tundu la sindano."

"Na uchafu huu nishone nini? Kaa hapo."

Alilitumbukiza koti kwenye beseni lenye sabuni, akaenda kutafuta uzi. Alipokumbuka kibeji, alirudi mbio roho mkononi, maana kile ni chombo cha Serikali na hakitakiwi kuona maji. Alikikuta kimevimba. Alipokishika kikaachana tabaka tabaka kama kitunguu. Kilikuwa kipande cha boksi kilichozungushiwa utepe wa gundi unaong'aa, na mistari yake ya wino ilikuwa inachuruzika. Nyuma yake paliandikwa nusu ya maneno aliyoyajua kutoka jikoni kwake mwenyewe: majani ya chai, daraja la kwanza.

Alimfuata kaka uani, alikokuwa anasikiliza redio, na kile kipande kiganjani.

"Kaka, hiki ni nini?"

Kaka alikiangalia, akazima redio. Alijaribu kucheka, kicheko kikamgomea.

"Cha pili hicho," alisema. "Cha kwanza kilichakaa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili kazini. Sasa ni kumi na sita. Niliomba, wakaniambia hivi ni vya wafanyakazi wa mionzi, wewe ni wa usafi. Sasa dada, mionzi nayo inajua kwamba mimi ni wa usafi?"

"Ukaamua kujitengenezea."

"Wageni wakija wanaangalia kifua kwanza. Usipokuwa nacho wanakuona kama ndoo. Nikasema, nami niwe mtu."

Mama Maana aliketi kwenye ngazi. Alimkasirikia kaka yake, akajikasirikia mwenyewe zaidi. Alikuwa ameipima sheria ya nchi nzima kwa kipande cha boksi. Akamweleza yote: tafsiri, penseli, na jina lake pale pembeni. Akamwambia kesho atasema.

"Usiseme," kaka alimkatiza. "Nimebakiza miezi mitano nistaafu. Watasema nimeghushi kifaa cha Serikali, nitatoka pale bila hata kwaheri. Miaka yote hiyo nimejisitiri, dada. Usinivue nguo mbele za watu."

"Na atakayeshika ufagio baada yako?"

Kaka alichukua koti likiwa linachuruzika maji, akaondoka nalo hivyo hivyo, mfuko haujashonwa. Dada alibaki na kile kipande, akakianika dirishani.

Jumatatu walikaa watatu mezani: Mkurugenzi wa Uandishi aliyekuwa anasoma, Mama Maana aliyefuatisha kwa kidole, na Mtaalamu, mkuu wa maabara za taasisi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mama Maana hakuwa amelala. Asubuhi alikuwa ameamua kunyamaza, njiani akaamua kusema, na kwenye ngazi za ofisi akaamua tena kunyamaza.

"'Mfanyakazi wa mionzi,'" Mkurugenzi alisoma, "'maana yake ni mtu aliyepewa kipimamionzi.' Umeivalisha?"

"Niliivalisha vibaya," alisema Mama Maana. Hata yeye alishangaa kusikia sauti yake. "Nimekosea. Inamwacha nje anayefagia chumba cha vyanzo."

Mtaalamu alitabasamu. "Hapana, mama, huyo yumo. Mzee wetu ana kipimamionzi, namwona nacho kila siku."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Angesema, "Ahaa, basi sawa," kaka angestaafu na heshima yake, na muswada ungepita kama ulivyo. Mama Maana alifungua mkoba, akaweka kile kipande mezani.

Mtaalamu alikichukua, akakigeuza, akayasoma yale maneno ya majani ya chai. Alivua miwani na kuivaa tena.

"Miaka kumi na mmoja nasalimiana na huyu mtu," alisema polepole. "Mimi ndiye natia saini orodha ya vibeji kila mwezi. Sikuwahi kumkuta humo, na sikuwahi kumtafuta."

"Mama Maana," Mkurugenzi aliuliza, "huyu mfagiaji ni nani wako?"

"Kaka yangu."

"Basi weka kalamu chini. Sheria haishonwi na ndugu wa mvaaji."

Aliiweka. Ilimuuma, kwa kuwa Mkurugenzi alisema kweli, na kwa kuwa alijua jinsi ambavyo yeye angeiandika. Wakamwambia asubiri nje. Kupitia kioo cha mlango alimwona Mtaalamu, ambaye hakuwahi kuandika sheria maishani mwake, ameinama juu ya karatasi anafuta na kuandika, anafuta na kuandika. Alipoitwa ndani alikuta wameandika: "mtu yeyote ambaye kazi yake, iwe ya kuendesha, kulinda, kubeba au kusafisha, humwingiza mahali penye chanzo cha mionzi." Chini yake Mtaalamu alikuwa ameongeza wajibu wa Serikali kumpa kila mtu wa aina hiyo kipimamionzi. Sentensi ilikuwa nzito kidogo. Mama Maana hakugusa hata mkato.

Wiki nzima kaka hakupokea simu. Dada alijua amemharibia, akawa anakula kwa kujilazimisha. Jumapili iliyofuata alisikia hodi, akafungua, akamkuta amesimama mlangoni na lile koti, mfuko bado umechanika. Kifuani hapakuwa na kitu, ila matundu mawili ya pini.

"Wamekufukuza," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nani anifukuze? Nipishe nikae." Kaka aliketi, akavuta pumzi. "Mkuu wa maabara aliniita Jumanne. Nikajua leo ndiyo leo. Akasimama, yule mtu mkubwa vile, akaniomba radhi. Kisha akanipa cha kweli, hakungoja hiyo sheria yenu. Kizito, dada. Tena kina namba."

"Sasa kiko wapi? Umekipoteza?"

Kaka alimtazama kwa huruma.

"Kile cha kweli hakitoki kazini. Kuna ubao pale mlangoni, unakitundika, unaondoka. Nimeambiwa ni sheria."

Ilikuwa sheria kweli, kanuni ya taasisi tangu zamani. Kwenye muswada ilikuwa kifungu cha arobaini na moja, na Mama Maana alikiandika kwa mkono wake mwenyewe: kipimamionzi hakitatolewa nje ya eneo la kazi kwa sababu yoyote ile. Miaka kumi na minne kaka yake aliingia kwenye nyumba hii na kibeji kifuani, akala mezani pake, akapiga picha na wapwa zake, na dada hakuwahi kujiuliza.

"Na hiyo miaka ya nyuma?" aliuliza. "Wameandika nini?"

"Wameandika hakupimwa." Kaka alimpa koti. "Haya, nishonee."

Alichukua uzi. Alianza na yale matundu mawili ya kifuani, na kaka akamwambia hayo ayaache, ndiyo yanayoikumbuka ile miaka.