Kibwagizo cha Kina Bi Nadhira

Mwalimu alitutaka tutunge shairi la beti tatu lenye kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Mimi nilikasirika. Jambo nimeshalisema, nilirudie la nini? Kwani wasikilizaji ni viziwi? Katika beti mbili za mwanzo nilikiweka shingo upande. Katika ubeti wa tatu nikakifuta.

Alasiri nikakaa kibarazani kwetu Magogoni, nikalisoma kwa sauti. Uani kwa jirani yetu, Bi Nadhira, wanawake walikuwa wakimenya vitunguu vya pilau ya harusi. Ubeti wa kwanza walisikiliza tu. Nilipofika mwisho wa ubeti wa pili, waliupokea ule mshororo wote kwa pamoja:

"Magogoni kumekucha, tokeni nyote mucheze!"

Wallahi, nilinogewa. Ubeti wa tatu nikausoma kwa madaha mpaka mwisho.

Nao wakangoja. Visu vimesimama, macho yote kwangu.

"Purity!" akaita Bi Nadhira.

"Abee."

"Ya kwako tumeyasikia, mwanangu. Na sisi twaitikia nini?"

Nikaingia ndani kutafuta kalamu.